"Pesa za wadi ya wazazi zilikuwa kwenye kitabu, sasa ziko wapi?" Jibu kwa msomaji wa visiwani Lamu

Swali lenyewe lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo:

"Assalaam aleikum mzee. Mimi niko kwenye kamati ya zahanati kijijini kwetu, kisiwa cha Pate, kijiji tusikitaje. Mwaka jana kwenye kikao cha maoni tuliambiwa wadi ya wazazi imetengewa milioni sita, na kwenye kitabu cha bajeti niliiona kwa macho yangu. Mkandarasi hatukumuona. Mwezi wa tatu ndo tunasikia imepita bajeti ya ziada na zile pesa zimehamishwa. Boti ya ambulensi nayo ipo lakini mafuta tunachangishana, juzi mama amepata uchungu usiku tukapita nyumba kwa nyumba na kikapu. Tukiuliza tunaambiwa mambo yamebadilika, zahanati siku hizi zinajitegemea kwa pesa za SHA, hii bima mpya ya afya. Hivi ni halali kweli? Ama zimeliwa? Na nianzie wapi?"

Waaleikumu salaam mwanangu. Swali lako nimelisoma nikaliacha, nikalirudia tena, kwa sababu hiyo kazi ya kuhamisha pesa unayoilalamikia ndo kazi niliyoifanya miaka mimi. Nilikuwa ofisi ya bajeti kwenye kaunti moja, jina tuliache, kabla sijarudi kwetu Malindi kukaa barazani na kahawa yangu. Nimekata pesa za zahanati kwa mkono wangu huu huu. Kwa hivyo sitakujibu kama mwanaharakati wala kama msemaji wa serikali, ntakujibu kama mtu aliyeshika kisu.

Nianze na hilo la halali nilimalize. Kubadilisha bajeti katikati ya mwaka kunaruhusiwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 135, inaipa kaunti nafasi ya kupeleka bajeti ya ziada kwenye bunge la kaunti, saplimentari kama wanavyoiita wenyewe, pale ambapo pesa zilizopitishwa hazitoshi au kumezuka hitaji ambalo halikuwemo. Ina mpaka wake, ile nyongeza isipite asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa isipokuwa bunge likubali kwa sababu maalum. Sasa wewe ukienda ofisini kwao ukawaambia mumevunja sheria kwa kubadilisha bajeti, watakupa kiti, watakupa soda baridi, watakusikiliza vizuri kabisa, na utapanda boti kurudi na mikono mitupu. Usiulize kama inaruhusiwa. Uliza zimekwenda wapi, na kwa nini zimekatwa zenu na si za mwengine.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaambiwi kwenye vile vikao. Ile milioni sita uliyoiona kwenye kitabu si pesa. Ni ruhusa ya kutumia pesa, zikija. Ni kama kadi ya harusi na pilau, kadi unayo mkononi, ina jina lako na tarehe na saa, lakini wali ukiisha jikoni kadi hailiwi. Watu wanashangilia kadi mwezi wa sita, wanapiga na picha, na wali haujapikwa.

Wali wa kaunti unatoka vyungu viwili vikubwa. Kimoja ni mgao wa Nairobi, cha pili ni mapato ya ndani. Kuna misaada na ruzuku zenye masharti pia lakini hizo tuziwache leo.

Mgao wa Nairobi ndo unaobeba mzigo, na kwa Lamu ndo karibu kila kitu. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, halafu maseneta wanapitisha mfumo wa kugawana baina ya kaunti 47. Mwaka wa 2021/22 Lamu ilipata kama bilioni 3.1, ndo mgao mdogo kuliko wote nchini, huku Kilifi kwetu ikipata bilioni 11.6. Utasema sawa, nyinyi wachache, sensa ya 2019 iliwahesabu watu 143,920 na sisi tumepita milioni 1.4. Haya. Lakini hebu angalia kilichomo ndani ya ule mfumo uliopitishwa 2020 baada ya maseneta kuvutana wee mpaka nchi ikachoka: idadi ya watu ilipewa asilimia 18, afya 17, umaskini 14, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, na mengine. Bahari haikuwemo. Barabara ilihesabiwa, maji hayakuhesabiwa, na wewe na mimi tunajua kutoka Kizingitini mpaka hospitali ya King Fahd pale Amu, yaani Lamu mjini, barabara yenyewe ndo hayo maji, na inanywa petroli kuliko lami. Kuna siku nililisema hili kwenye semina moja, bwana mmoja wa bara akanijibu mbele za watu kwamba maji hayana mashimo. Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, nimwambie nini.

Mapato ya ndani nayo ndo penye mchezo. Kitabu lazima kibalansi, yaani matumizi yalingane na mapato, sasa kila mtu ameweka mradi wake, gavana wake, MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wake, na jumla imepita. Unafanyaje? Unapandisha makisio ya mapato ya ndani. Unaandika tutakusanya milioni mia mbili na wewe unajua mwaka jana hazikufika hata mia moja na nusu (natoa mfano tu, si hesabu ya kaunti fulani). Ofisi ya Msimamizi wa Bajeti, Controller of Budget kwa Kiingereza, imelisema hili kwenye ripoti zake mwaka baada ya mwaka, kwamba kaunti zinaweka malengo ambayo hazifikii. Na Lamu ndo kabisa, kaunti nyengine zinajiokoa na ada za maegesho, pale Amu mjini utamtoza nani maegesho, punda? Basi zile milioni ambazo hazipo zinakaa kwenye kitabu mwezi wa saba kama maji ya mirage, na ikifika mwezi wa pili watu wanaona ni mchanga. Hapo ndo saplimentari inaitwa.

Wakati mwengine kosa si la kaunti hata kidogo. Chukua 2024. Kaunti zilipitisha bajeti zao mwezi wa sita zikijua mgao wa jumla ni bilioni 400.1. Tarehe 25 Juni vijana waliokuwa wakipinga mswada wa fedha, ule wa kuongeza kodi, wakaingia mpaka Bungeni, kesho yake Rais akakataa kuutia saini, na serikali kuu ikaanza kutafuta pa kukata. Bunge la Taifa likataka kaunti zishuke hadi bilioni 380, Seneti ikagoma, wakavutana miezi, mwisho wakakutana kwenye 387.4. Yaani bilioni karibu 12.7 zimetoka kwenye vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapitishwa na vimeshapigwa mihuri na watu wameshaahidiwa. Ukizigawa sawa kwa sawa, ingawa hazigawanywi hivyo, ni kama milioni 270 kila kaunti. Sasa milioni 270 unazitoa wapi mwaka ukiwa umefika nusu?

Ngoja nikutie chumbani uone.

Ni mwezi wa pili, kiyoyozi kinavuja, kuna ndoo chini yake. Mezani kuna karatasi kubwa za Excel zimeunganishwa kwa selotepu, kila mradi na mstari wake. Tuko watu watano na tumeambiwa tutoe milioni kadhaa kufikia Ijumaa. Unaanza juu. Mishahara, huigusi, na kanuni za fedha za 2015 zinasema isizidi asilimia 35 ya mapato lakini kaunti nyingi zimeshapita hapo, na kumfukuza mtu katikati ya mwaka ni kesi. Makato ya pensheni, huyagusi. Madeni ya wakandarasi wa nyuma, hayo Nairobi wanayafuatilia, na mwenye deni anakuja ofisini na wakili. Pesa za bunge la kaunti, wewe jaribu kuzikata halafu uipeleke saplimentari bungeni kwao uone kama itapita. Safari na semina, tulizikata, sikatai, lakini kwa kusitasita, manake waliokuwa chumbani ndo wasafiri wenyewe.

Ukimaliza kuruka hayo yote kinachobaki ni miradi. Sasa mradi gani? Watu wanafikiri hapo siasa ndo inaamua peke yake, na siasa ipo, simu zinapigwa usiku. Lakini kwenye ile karatasi kulikuwa na safu moja upande wa kulia ndo ikiamua mara nyingi kuliko simu. Safu ya hatua ya mradi. Kazi inaendelea, mkataba umesainiwa, tenda imetangazwa, tenda haijatangazwa. Yenye mkataba ukiikata mkandarasi anakushtaki. Ile iliyoandikwa "haijatangazwa" haina mtu. Haina mkandarasi wa kulia, haina wakili, ni maneno kwenye kitabu tu. Hiyo ndo nyama.

Nakumbuka moja. Zahanati ndogo, choo na tangi la maji, milioni 3.2. Haijatangazwa. Nikauliza kwa nini haijatangazwa na mwezi wa pili huu, mwenzangu wa idara akasema michoro ilichelewa kwa mhandisi. Hakuna aliyepiga simu kuhusu lile tangi. Nikaitia mabano, tukaendelea na mstari wa chini. Ilichukua kama dakika moja na nusu. Mpaka leo nikipita karibu na kile kijiji huwa naangalia upande wa pili wa barabara.

Kwa hivyo mwanangu kwa swali lako la "zimeliwa", mimi siwezi kukwambia ndio wala la, sikuwepo. Lakini kwa ulivyosimulia, mkandarasi hamkumuona mpaka mwezi wa tatu, dau langu ni kwamba wadi yenu ilikuwa kwenye safu ya "haijatangazwa". Huko ndo ilikofia, zamani sana kabla ya saplimentari. Nyinyi mlikuwa mnangoja mkandarasi na mlitakiwa kungoja tangazo la tenda. Likipita mwezi wa kumi na mbili bila tangazo, jueni mradi wenu uko kwenye mchuzi, anzeni kupiga kelele hapo hapo, msingoje.

Kuna kitu kimoja lakini kinaweza kuwa kosa la kweli, na hiki kichunguze. Kifungu cha 154 cha sheria ile ile kinasema afisa wa idara hawezi kujichukulia mwenyewe pesa za maendeleo akazipeleka kwenye matumizi ya kawaida. Pesa za ujenzi akizihamisha kwa ruhusa yake ziende kwenye ujenzi mwengine, na hata hapo kuna kiwango cha asilimia 10 ya programu. Kuzitoa kwenye saruji kuzitia kwenye posho na mafuta ya magari, hapana, hiyo lazima ipite bungeni iwe sheria. Kwa hivyo kama wadi yenu ilikatwa kwenye saplimentari iliyopigiwa kura, ni uamuzi, unaweza kuupinga lakini ni uamuzi halali. Kama ilihamishwa na barua tu ya ofisini, hapo una kesi. Na Msimamizi wa Bajeti haruhusiwi kuidhinisha pesa zitolewe kwenye mfuko wa kaunti mpaka aridhike kwamba sheria imeruhusu, ibara ya 228 ya katiba, kwa hivyo karatasi zipo mahali, hazijazama baharini.

Utajuaje? Kwa kusoma ule ukurasa. Usiogope, si hesabu ngumu, mtoto wa darasa la sita anaweza. Kitabu cha saplimentari kina safu tatu za namba kwa kila mstari: kilichopitishwa mwanzo, mabadiliko, na kilichobaki. Namba ikiwa ndani ya mabano maana yake imetolewa. Sasa wadi yenu huenda ikasomeka 6,000,000 halafu (5,800,000) halafu 200,000. Wameacha laki mbili, unaona, ili siku ukiuliza wakwambie mradi bado upo. Na tafuta kwenye kurasa hizo hizo za afya mstari uliopanda, usiokuwa na mabano, kwa sababu kilichotoka lazima kimeingia pengine ama kimefidia pengo la mapato. Mara nyingi utakuta mstari mpya umevaa jina pana, "ukarabati wa vituo vya afya mbalimbali", haina kijiji wala wadi. Hiyo "mbalimbali" mimi naiogopa kuliko neno lolote kwenye bajeti. Angalia pia kama mko kwenye jedwali la maendeleo au la matumizi ya kawaida, ni vitabu viwili tofauti na watu wengi hutafuta kwenye kisicho chao.

Sasa boti. Hili ndo limeniuma zaidi, kile kikapu.

Ambulensi ni kazi ya kaunti, jedwali la nne la katiba limeandika wazi wazi, vituo vya afya vya kaunti, ambulensi, pamoja na vivuko na bandari ndogo. Lakini mafuta ya boti si maendeleo, ni matumizi ya kawaida, na hayo hayakatwi kwa kisu, yanakufa kwa kiu. Hakuna mtu anayekaa akasema tuwanyime mafuta. Kinachotokea ni kwamba mgao umechelewa miezi miwili mitatu, kituo cha petroli kinadai, mwenye kituo anasema sitoi tena kwa mkopo, basi.

Na angalia mwaka wenyewe unavyokaa vibaya kwenu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Miezi ya mwanzo ndo hazina huwa kavu, pesa za mwaka mpya bado zinasubiri sheria ya mgao na ratiba ya malipo, na za mwaka jana zimefungwa tarehe 30 Juni. Na Julai ni nini kwenu? Kusi. Bahari imechafuka, majahazi yamelala, njia inayochukua saa moja wakati wa kaskazi sasa unaipigia mara mbili na mashini inanguruma na kunywa mafuta. Yaani wakati boti inahitaji mafuta zaidi kuliko mwezi wowote ndo wakati hakuna pesa. Aliyepanga kalenda hii hakuwahi kupanda boti Mtangawanda mwezi wa saba.

Dawa yake ipo. Mafuta ya miezi ya kusi yanunuliwe mwezi wa tano na wa sita kwa bajeti inayomalizika, kabla vitabu havijafungwa, yawekwe kwa makubaliano na muuzaji kwamba boti itachota kidogo kidogo. Hili linafanyika kama kuna mtu idara ya afya ameliombea mapema. Na ombeni mafuta ya boti yawe na mstari wake mwenyewe, yasikae ndani ya "mafuta na vilainishi" ya idara nzima, kwa sababu kwenye mstari mmoja boti na gari la mkubwa wakishindana, boti haishindi.

Lakini kuna kubwa kuliko hilo, na hapa nivumilie. Kile kikapu chenu kinawaficha. Mnapochanga usiku na mama akafika salama, alhamdulillah, kwenye karatasi za kaunti ile safari haipo. Ama ipo lakini imekwenda bila gharama. Sasa mimi nikikaa kutengeneza bajeti ya mwaka ujao naangalia nini? Naangalia mwaka jana boti ya kisiwa kile ilitumia kiasi gani. Naona ilitumia kidogo na hakuna aliyelalamika na akina mama walifika hospitali. Naandika kidogo vile vile, pengine napunguza. Nilifanya hivyo bila nia mbaya, miaka. Sadaka yenu inaingia kwangu kama ushahidi kwamba hamhitaji kitu.

Sikwambii muache kuchanga, Mungu atuepushe, mama hangoji bajeti. Nakwambia muandike.

Kuhusu SHA na hilo neno "mnajitegemea". Kuna ukweli ndani yake na kuna kukwepa. Ukweli ni kwamba mambo yamebadilika. Tangu 2013 zahanati na vituo vidogo vya serikali havitozi wagonjwa. NHIF, ile bima ya zamani, ikaondoka, tarehe 1 Oktoba 2024 ikaingia SHA na mifuko mitatu, na mmoja ni wa afya ya msingi, ndo unaolipia huduma za zahanati kama yenu na mwananchi aliyejisajili hatoi kitu. Mfuko huo unatoka bajeti ya serikali kuu, si ile asilimia 2.75 anayokatwa mwenye mshahara, hiyo inakwenda mfuko mwengine. Halafu 2023 ilipita sheria ya mapato ya vituo vya afya inayosema kituo kinachokusanya kikae na pesa zake, kitumie hapo hapo, zisipelekwe kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Hii sheria ni nzuri, mimi naiunga mkono, manake nimeona enzi zile hospitali inakusanya pesa asubuhi, jioni zimepelekwa, na nesi anakosa hata glavu.

Kukwepa kuko hapa: pesa hizo ni za kuendesha zahanati, dawa, glavu, kufagia, taa. Si za kujenga wadi na si za kuipa kaunti ruhusa ya kuondoa zake. Atakayekwambia SHA itajenga wadi ya wazazi mwambie akuonyeshe pameandikwa wapi. Ila na nyinyi kamati mna kazi hapo, muulizeni inchaji wenu: watu wangapi wa kijiji wamesajiliwa, huduma mnazotoa zinaingizwa kwenye mfumo au nesi yuko peke yake, intaneti hakuna, na madaftari yamejaa ambayo hayajaingizwa? Mgonjwa ambaye hakuingizwa hakulipiwa. Kama shida ni mtandao, kijana mmoja mwenye simu akimsaidia nesi kusajili watu jioni mbili kwa wiki pale penye netiwaki ni kazi kubwa kuliko maandamano.

Haya, uanzie wapi.

Andika barua kwa Kiswahili. Nasema kwa Kiswahili makusudi, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi linaweza kuwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo afisa aandike. Usimuachie mtu akwambie mpaka wakili. Iandikie idara ya fedha ya kaunti, nakala kwa karani wa bunge la kaunti, uombe vitu hivi na usiongeze hadithi: kurasa za idara ya afya kwenye bajeti iliyopitishwa mwezi wa sita, kurasa hizo hizo kwenye bajeti ya ziada, na hatua ya tenda ya wadi yenu, ilitangazwa lini, kama haikutangazwa ni kwa nini. Wana siku 21 kujibu. Kwa jambo linalohusu uhai wa mtu sheria inasema saa 48, kwa hivyo suala la mafuta ya boti lifanye barua yake mbali, uandike wazi kuwa ni uhai. Kuomba ni bure, wanaweza kukutoza fotokopi tu. Ipeleke mwenyewe kwenye ofisi za kaunti Mokowe au mtume mtu unayemuamini, nakala yako igongwe muhuri na tarehe, bila muhuri hujaandika kitu. Wakinyamaza unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndo ile watu wanaiita Ombudsman, na jaribu kwanza tovuti ya Msimamizi wa Bajeti, ripoti za kila kaunti ziko pale wazi, utaona kama kaunti ilipokea pesa na idara ya afya ilitumia ngapi.

Mkishaiona karatasi kuna njia ya petisheni kwenye bunge la kaunti, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 imetoa haki hiyo kwa mtu yeyote. Lakini MCA wenu muoneni kabla, kwa adabu, nyumbani kwake baada ya isha, si mbele za watu. Huenda yeye mwenyewe alipiga kura bila kuufungua ule ukurasa, na mtu akiaibishwa hadharani anatetea hata asichokijua.

Na jueni kwamba mradi uliokatwa haurudi wenyewe. Watu wanakaa wakifikiri mwaka ujao utajitokeza, hautajitokeza. Lazima uingie tena kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kaunti inatakiwa kuupeleka bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Kwa hivyo Julai na Agosti, wakati nyote mmejifungia na kusi, ndo wakati wa kuhakikisha wadi imeandikwa, kwa jina la kijiji, si "mbalimbali". Kikao cha Aprili ambacho wanaleta turubai na biskuti ni cha kuchelewa, chakula kimeshagawanywa.

Na hilo la kuandika safari za boti lianze wiki hii, halihitaji ruhusa ya mtu. Nunueni daftari la jalada gumu. Kila safari: tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kufika, sababu bila jina la mgonjwa, lita ngapi, na nani amelipa, kaunti au kikapu. Zile ambazo mmeshachanga zikumbukeni mziandike nyuma, mama wa juzi akiwa wa kwanza. Mwisho wa mwezi kamati isaini, mjumlishe lita za kikapu peke yake na nakala iende kwa idara ya afya pamoja na barua. Nikiwa mezani kule na karatasi zangu za selotepu, daftari kama hilo lingenishinda, nisingekuwa na pa kupitishia kalamu.

Ila lisikae botini, litalowa. Likae kwa nesi, na nahodha aje kuandika kila akishuka, hata kama ni saa tisa za usiku, kabla hajaenda kulala.